Mwanamume wa Ndani ya Santuri

Sura ya Tisa

Aliko alipofika Mbugani Alhamisi ile asubuhi, kabla hata hajaegesha baiskeli, alimsikia yule mwanamume akiimba ndani ya nyumba ya mchumba wake.

Alimfahamu. Alimfahamu kuliko alivyowafahamu majirani zake wa sokoni, ingawa hakuwahi kumwona hata kisogo. Sauti ilianza nyembamba, ikateremka, ikakwaruza kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na nyuma yake gitaa likakatakata na besi ikadunda mpaka vikombe vya kabatini vikaanza kusalimiana. Loleza Sparks. Vijana wa Mbeya mjini, wa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, waliopiga fanki miezi tisa tu mwaka sabini na moja. Walikwenda Nairobi mara moja, wakatoa santuri moja ndogo ya nyimbo mbili, kila mtu akashika njia yake. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri mwimbaji alikuwa na jina moja tu: Radi.

Kilichomkosesha Aliko hamu ya kula ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfufua huyo Radi. Aliko alikuwa fundi redio pale sokoni Kyela. Mwaka uliopita Yunis aliingia kibandani kwake amekumbatia gramafoni iliyovunjika mkono, akaitua mezani, akamtazama kwa yale macho yake yanayoonekana kama yanataka kusinzia, akasema, "Fundi, naambiwa wewe hushindwi." Aliko akahangaika nayo siku tatu. Akachonga mkono mpya, akabadili mkanda, akaagiza sindano hadi Karonga, ng'ambo ya mpaka. Hakumtoza kitu, alimwuliza jina tu. Ndivyo mapenzi yalivyoanza, na ndivyo Radi alivyopata mdomo.

Yunis alikuwa mfanyabiashara wa mali kwa mali. Miaka hiyo mipaka ilikuwa imelegea, mabeseni ya plastiki yakimiminika pale mpakani Kasumulu kama mvua, na kila nyumba ilitaka redio kaseti. Wenzake walizunguka na mabeseni kichwani wakibadilishana na nguo kuukuu. Yunis alichukua santuri. Na si santuri za bendi zenye majina, hizo alisema zina watu wa kuzililia. Alitafuta za wale waliotoa moja wakasambaratika: bendi za makarani, za madereva wa malori, za wanafunzi waliofukuzwa shule. Alikuwa nazo arobaini na moja. Ile ya Loleza Sparks aliipata kwa mjane mmoja wa Ipinda, kwa mabeseni mawili na ndoo yenye mfuniko, na tangu siku hiyo hakuna aliyeisikia nyingine yoyote.

Nyumba ya Shangazi Elizabeth, alikolelewa Yunis, haikujua maana ya mlango kufungwa. Barazani wanawake watano walikuwa wakisukana na kuchambua mchele wa sherehe ya Jumamosi, siku ng'ombe wa mahari wa Aliko walipotarajiwa kufika.

"Karibu, fundi," alisema Anyitike, jirani ambaye ulimi wake ulijulikana hadi stendi. "Pita pole. Mume mwenzio yuko ndani anaimba."

Baraza zima likacheka. Aliko akacheka nao, kicheko cha meno tu.

"Mwache mwenzio," Shangazi Elizabeth akasema huku akivuta nywele za mtu. "Wivu ni dalili kwamba moyo haujalala. Ila ukizidi, baba, utamsumbua mwanangu. Ingia, chai ipo."

Ndani, Yunis alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, bega limeegemea gramafoni, macho kayafumba. Aliko akasimama mlangoni kumtazama. Alizitazama kope zile zilizotulia, na midomo iliyofuata maneno bila kutoa sauti. Mimi nikimsemesha, aliwaza, huwa ananitazama. Huyu anamfumbia macho.

"Mara ya ngapi leo?"

Yunis akafumbua macho, akatabasamu. "Sijahesabu. Umekunywa chai?"

"Sijaja kwa ajili ya chai. Yunis, ng'ombe wanakuja keshokutwa."

"Najua. Nimeambiwa na kila mtu isipokuwa ng'ombe wenyewe."

"Na hizi santuri unahamia nazo kwangu?"

"Zote arobaini na moja."

"Hizo arobaini sina ugomvi nazo."

Yunis akainua sindano. Nyumba ikanyamaza, na baraza nalo likanyamaza, maana walikuwa wanasikiliza.

"Aliko, unalionea wivu sahani."

"Sahani halifumbiwi macho."

"Basi nisikilize nikwambie mara ya mwisho," Yunis alisema kwa sauti ya chini. "Mtu kaimba hivi. Miezi tisa, kisha basi. Hakuna aliyempigia makofi, hakuna anayekumbuka hata jina lake. Mimi nataka nimwone mara moja tu. Nimwambie aliimba vizuri. Nimshike mkono. Nikitoka hapo nimeshiba."

"Umshike mkono."

"Ndiyo, mkono. Huu wa kusalimia."

"Na kama bado kijana? Kama ana sura nzuri?"

"Kaimba mwaka sabini na moja, Aliko. Piga hesabu, wewe si fundi?"

Lakini wivu haupigi hesabu. Kichwani mwa Aliko Radi alikuwa na miaka ishirini na miwili daima, shati limefunguliwa vifungo vitatu, afro imechanwa ikasimama.

"Chagua," akasema. Neno lilimtoka kabla hajalitazama. "Mimi au huyo."

Yunis alichukua kitambaa laini akaifuta ile santuri taratibu, toka katikati kwenda nje, akaitia kwenye mfuko wake. Kisha akasema, "Leo anakuja mtu kutoka Karonga. Alikuwa mpiga ngoma wao. Nilituma salamu Kasumulu kwa wachuuzi wa sabuni, zikamfikia. Ukitaka kuondoka, ondoka. Ukitaka kukaa, kaa kama mtu."

Aliko akakaa. Angeondokaje, amwache huyo wa Karonga peke yake na Yunis?

Mgeni alifika saa nne, na mlango ulijaa. Alikuwa mtu mnene, koti la suti kalivaa juu ya fulana, mkononi furushi la sukari la zawadi. Jina lake Israeli.

"Mugonile," alisalimia baraza zima, Kinyakyusa chake kikiwa na lafudhi ya ng'ambo ya mto Songwe. Akapeana mikono na wanawake wote, mmoja mmoja, akipokea utani na kuurudisha. Alipofika kwa Aliko akausimamisha mkono hewani. Akamtazama usoni. Akamtazama tena.

"Huyu nani?"

"Mchumba wa binti," Shangazi Elizabeth alisema. "Jumamosi analeta ng'ombe. Ni wa Ngonga."

"Wa Ngonga," Israeli akarudia. "Aha." Na hakumwachia mkono upesi.

Aliko akaona dharau. Ananipima, aliwaza. Ananilinganisha na rafiki yake.

Chai ikaja, na maandazi, na Yunis akaketi karibu na mgeni kuliko ilivyohitajika, viganja kavifumbata kama mtoto anayesubiri hadithi.

"Alikuwaje?" akauliza.

"Radi? Mwembamba. Mpole, lakini akishika kipaza sauti unadhani ni mtu mwingine kaingia ndani ya nguo zake. Mbeya pale wasichana walikuwa wanakaa mstari wa mbele na leso mkononi, yeye anatoa jasho, wao ndio wanajifuta."

Baraza likacheka. Yunis hakucheka. Alikuwa anameza kila neno.

"Na Maria?" akauliza. "Ule wimbo. 'Maria, umevuka Songwe na kitambaa changu, nani atanifuta jasho nikicheza?' Alikuwepo kweli?"

"Alikuwepo. Aliolewa ng'ambo, kwetu kule. Radi akaumia, akatunga, tukaenda Nairobi. Malipo yetu yalikuwa santuri zenyewe, kila mtu katoni moja akauze mwenyewe. Tuliporudi ndiyo ikawa mwisho. Mmoja kaitwa kazini, mwingine kaugua. Mimi nikaanza sabuni."

"Na yeye?"

"Yeye alirudi kwao, kwa mkewe. Alikuwa kashaoa."

"Kwao wapi? Jina lake la nyumbani nani?"

Israeli akanywa chai. Akamtazama Aliko juu ya kikombe, kisha akamtazama Yunis, kisha chai tena.

"Jina limenitoka," alisema. "Uzee huu, mwanangu. Likinirudia nitatuma salamu."

Aliko akaona bega la Yunis likishuka, na badala ya kufurahi akaumia upya. Mtu haonyeshi huzuni namna hiyo kwa ajili ya mgeni.

Israeli alipoaga, alisema, "Kijana wa Ngonga anisindikize stendi." Wakatembea mpaka walipoipita nyumba ya mwisho. Pale mzee akasimama.

"Baba yako anaitwa Angetile."

Aliko akashtuka. "Umemjuaje?"

"Una pua yake, na hilo pengo kati ya meno ya mbele. Nilidhani nimerudi ujana. Kijana, mimi si mtu wa kutaja jina la baba mkwe wa binti mbele ya binti, tena kadamnasi, tena siku mbili kabla ya ng'ombe. Huko kwetu tuna adabu. Ila wewe nakwambia. Radi ni baba yako."

Aliko alicheka. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kakao na mpunga, asiyeimba hata wimbo wa Krismasi. Kanisani alishika kitabu, akafungua ukurasa, akakitazama mpaka wengine wamalize.

"Si yeye," akasema.

"Kamwulize," alijibu Israeli, akapanda gari la Kasumulu akaondoka.

Aliko akabaki na barabara. Na kadiri alivyorudi Mbugani, jambo lilimfunguka vipande vipande. Yunis hajawahi kumwona baba wa Aliko. Tangu uchumba uanze, kila alipokwenda Ngonga mzee alijiondoa kwa heshima, akaenda shamba la nyuma, kwa sababu ya desturi. Na ng'ombe wakishafika Jumamosi, haitakuwa heshima ya hiari tena. Mkwe wa kike wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, wakikutana njiani anajifunika na kuingia migombani. Wazazi wake walikuwa watu wa mambo ya zamani, na hilo hawakulilegeza.

Kwa hiyo mwanamume mmoja duniani ambaye Yunis alitamani kumwona, angekuwa mwanamume mmoja duniani asiyeruhusiwa kumwona. Angeishi hatua hamsini kutoka kwake, akimsikiliza kwenye santuri, bila kujua.

Aliko angepaswa kusikitika. Lakini ukweli ni ukweli: kitu cha kwanza alichosikia kifuani kilikuwa nafuu. Na nafuu hiyo ndiyo iliyomponza.

Yunis alikuwa anamsubiri kizingitini. "Kasema kitu huko njiani? Kalikumbuka jina?"

"Amesema," Aliko akajibu. Akatazama pembeni. "Hakutaka kukwambia mbele ya watu. Radi alikufa."

Yunis hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kizingitini, akavuta upindo wa kitenge akaufunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Shangazi Elizabeth akaacha nywele, akaja kumshika. Anyitike, wa ulimi mrefu, akaenda kuleta maji.

"Pole, mama," Shangazi alirudia. "Pole. Mtu wako huyo."

Mtu wako. Aliko alisimama juu ya kilio kile akahisi wivu ukimpanda upya, mkali kuliko wa asubuhi. Alikuwa amemuua mpinzani wake, na sasa mpinzani alikuwa analiliwa. Akachukua baiskeli.

Ngonga alimkuta mama yake uani, mama Tusajigwe, akichagua mbegu za kunde. Mzee alikuwa shamba. Aliko hakusalimia.

"Mama. Radi ni nani?"

Mkono wa mama ukasimama juu ya mbegu.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Mtu mmoja anaitwa Israeli."

"Bado yu hai yule? Alikuwa anakula sana." Mama akaendelea kuchagua, lakini sasa alikuwa anachanganya mbovu na nzima. "Nilijua tu. Tangu uliposema binti anakusanya masahani, nilijua."

"Ndiyo maana humtaki Yunis."

"Sijasema simtaki. Nilisema binti anayezunguka majumbani kwa watu na mabeseni hafai."

"Mama."

Mama Tusajigwe akavuta kile kibakuli cha mbegu akakiweka mbele ya mwanawe. Kilikuwa kibakuli cheusi, chepesi, kingo zake zikipanda na kushuka kama upindo wa sketi. Pale nyumbani vilikuwa saba au nane. Aliko alikula karanga ndani yake toka utotoni.

"Tazama chini yake," mama akasema.

Aliko akamwaga mbegu, akakigeuza. Katikati, karatasi ilishatoka, lakini tundu dogo lilikuwapo, na kulizunguka, mistari myembamba, mduara ndani ya mduara.

"Nilikuwa na mimba yako," mama alisema. "Alirudi na katoni ile amefurahi kama kapata ufalme. Jirani alikuwa na gramafoni. Watu wakacheza, na mimi na tumbo langu nikacheza. Kisha nikasikia anaitwa Maria. Mimi jina langu nalijua, Aliko. Nikasubiri aende shamba. Nikachemsha maji sufuria kubwa. Santuri ikiingia maji ya moto inalegea kama kitambaa, unaikunja juu ya kopo, inakuwa bakuli. Nilizikunja zote. Wanawake wa kijiji kizima walipata vibakuli siku hiyo."

"Baba alifanyaje?"

"Alinikuta nampimia jirani karanga. Hakunipiga. Hakunitukana. Alikaa pale, akakitazama kibakuli, akauliza, 'Zote?' Nikamwambia zote." Akakichukua kibakuli. "Hakuimba tena. Watu wanasema ni wokovu. Wokovu ulikuja miaka sita baadaye, ukamkuta kashanyamaza."

"Hukumwomba radhi?"

"Ningeanzia wapi? Nilitaka aache kumwimbia Maria, sikutaka aache kuimba. Maria kule ng'ambo alimsikia akiimba mpaka akachoka. Mimi niliyemzalia watoto sita nimemsikia jioni moja." Akazikusanya mbegu zilizomwagika. "Na wewe umefanya nini? Mbona umekuja umeiva hivyo?"

Aliko akamweleza. Alipofika kwenye "alikufa", mama yake alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nenda kamwambie," alisema. "Kabla ya Jumamosi. Usifuate nilivyofanya mimi."

Asubuhi ya Ijumaa Aliko alisema yote mbele ya Shangazi Elizabeth, maana Yunis alikataa kukaa naye faragha. Alisema amesimama, bila kujitetea. Yunis alimsikiliza macho yamevimba kwa kilio.

"Nilimlilia," akasema alipomaliza. "Jana nilimlilia mtu anayetembea."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisimama unanitazama."

"Ndiyo."

"Shangazi, waambie watu wasichinje kuku bado." Akachukua gramafoni akaifunga kwa kitenge. "Nipeleke. Nikirudi ndipo nitajua kama ng'ombe waje au wabaki huko huko."

Alipanda nyuma ya baiskeli, gramafoni mapajani, santuri ndani ya mfuko shingoni. Siku zote alimshika Aliko kiuno. Siku hiyo alishika chuma cha kiti, na maili zile zote za mpunga na migomba Aliko aliendesha akihisi baridi mgongoni ingawa jua la Kyela lilikuwa linaunguza.

Mzee Angetile alikuwa uani akigeuza kakao juu ya mkeka. Alipomwona binti kwa mbali akaweka reki chini, akageuka kwenda migombani kama alivyozoea.

"Tata, subiri," Aliko akamwita baba yake. "Ng'ombe hawajatoka zizini. Leo huyu bado ni binti wa watu."

Mzee akasimama. Alikuwa na mvi pembeni, shati la kazi, miguu ina vumbi la kakao. Yunis alitembea mpaka mbele yake, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Nimekuja kwa Radi."

Mzee hakumtazama Yunis. Alitazama mlango wa jikoni, ambako mama Tusajigwe alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Ni mimi niliyesema aambiwe," mama alisema. "Mwache apige santuri."

Aliko mwenyewe aliiwasha ile gramafoni, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Besi ikadunda juu ya kakao. Gitaa likakatakata. Kisha sauti ya kijana wa miaka ishirini na miwili ikatoka, na yule mtu wa miaka arobaini na mitano akaisikiliza mikono kaining'iniza, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe akaisahau.

Ubeti wa kwanza alitikisa kichwa tu. Wa pili midomo ikasogea. Kwenye kiitikio sauti ikamtoka, nzito zaidi, imechelewa kidogo nyuma ya santuri, inakwaruza mahali pale pale. Lakini kila lilipofika lile jina, alinyamaza, akaiacha santuri ilitaje peke yake, kisha akaendelea na Songwe na kitambaa. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Litaje tu, baba Aliko," mama Tusajigwe alisema kutoka mlangoni. "Mimi ni mtu mzima sasa."

Mara ya tatu mzee akaliimba. Lilitoka kama jina la mtu yeyote. Mama akaingia jikoni, na kwa muda vyombo viligongana humo ndani, kisha havikugongana tena.

Aliko hakuwa anawatazama wazee. Alikuwa anamtazama Yunis. Macho yale hakuyafumba, aliyafumbua yote, yamejaa, yamemkazia mzee yule wa vumbi la kakao kwa namna ambayo Aliko aliota kutazamwa hivyo tangu siku ya gramafoni. Wivu haukuondoka. Ulibaki pale pale, hata baada ya kujua ni baba, hata baada ya kuona mvi.

Sindano ikafika mwisho. Yunis akanyoosha mkono, mzee akaupokea.

"Uliimba vizuri sana," alisema. "Nilitaka mtu akwambie."

"Ndaga, mwanangu," mzee akashukuru.

Yunis akaurudisha mkono wake. Akaokota kitenge alichofungia gramafoni, akakikung'uta, akakivuta juu ya kichwa mpaka kikafunika uso. Akampa mzee mgongo. Na hakupita njia fupi ya kutokea uani, aliyojia. Alizunguka nyuma ya ghala, mbali, kichwa kainamisha, akaingia migombani kama anavyoingia mkwe aliyekwisha kutolewa ng'ombe. Mzee naye akageuka papo hapo, akaokota reki yake.

Aliko alimkuta kati ya migomba, amekaa juu ya jani kavu, kitenge bado kichwani.

"Kwa hiyo ng'ombe waje?"

"Unadhani huku nimekuja kucheza kombolela?"

Aliko akachuchumaa mbele yake, akafunua upindo wa kitenge kidogo, na Yunis akamtazama. Hakufumba macho, na hakutabasamu pia.

"Ila ulimuua baba yako kwa mdomo wako, na mimi nikaomboleza. Hilo halijaisha."

"Najua. Niambie nifanyeje."

"Kwenu mtu akifa, mkwe haleti ng'ombe wa msiba?"

"Analeta."

"Basi na mimi nataka wangu. Mbali na wale wa mahari. Achinjwe kesho, Anyitike na wale wote walioniona nikilia wale nyama washibe, na ukiulizwa ni wa msiba gani, utawaeleza mwenyewe. Kwa sauti."

"Nina mmoja tu wa kwangu mimi. Yule mtamba mweusi, niliyemnunua kwa kazi ya redio."

"Huyo huyo."

Aliko akainuka, akaenda zizini na kamba. Alimpata mtamba wake akamshika pembe. Nyuma yake, kutoka uani, bila gramafoni, mzee alikuwa ameanza tena ubeti wa kwanza, na migombani mwanamke mmoja aliyejifunika kitenge alikuwa amenyamaza kabisa, anasikiliza. Aliko akauma meno, akakaza fundo.